Maji yakipata moto yanafanya nini huko ndani? (na kwanini soda yangu ilipasuka kwenye friza)

Juzi nilisahau chupa ya soda kwenye friza, zile za kioo, niliiweka ipate ubaridi wa chapchap nikapitiwa na usingizi, asubuhi nafungua nakuta vioo, barafu ya rangi ya chungwa, na samaki wote wananukia orenji. Mpwa wangu wa darasa la sita akaja akasimama pale akaangalia weee alafu akaniuliza, "Mjomba, si mwalimu alisema kitu kikipata joto kinapanuka kikipata baridi kinasinyaa, sasa hii imepata baridi mbona imepasuka?" Nikamwambia lete fagio kwanza.

Lakini swali lilinikaa kichwani siku nzima. Jibu la haraka lipo, maji yakiganda yanapanuka, kila mtu analijua. Ila hilo sio jibu, hapo umerudia swali kwa maneno mengine tu. Kwanini yapanuke wakati mafuta ya nazi yakiganda yanasinyaa? Ukitaka kujibu inabidi uzame mpaka kwenye chembe zenyewe, na ukishafika huko utakuta mambo mengine mengi ya jikoni yanajieleza hapohapo, maharage kuchelewa kuiva, mtungi kupooza maji bila umeme, mpaka ule ubishi wa Erasto Mpemba, yule mwanafunzi aliyesema maji ya moto yanawahi kuganda kuliko ya baridi.

Haya. Maji ni chembe ndogo zinaitwa molekuli, kila moja ina oksijeni moja na haidrojeni mbili, na zile haidrojeni hazijakaa pande mbili zinazotazamana, zimekaa kwa kupinda, kama kichwa cha panya na masikio yake. Huo mpindo ukumbuke tutaurudia. Udogo wake ndo usiseme: kijiko kimoja cha chakula kikijaa, gramu 18 hivi, kina molekuli kama 6 ukiifuatisha na sifuri 23. Usijaribu kuipigia picha hiyo namba, hakuna aliyewahi kuweza.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawaambiwi shuleni, au wanaambiwa wanakariri alafu wanasahau, ni kwamba hizo chembe hazitulii hata sekunde moja. Glasi ya maji iliyotulia mezani tangu jana, ndani yake ni vurugu tupu. Kwenye joto la kawaida la chumbani kila molekuli kwa wastani inakwenda kasi ya mita 600 hivi kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya ndege ya abiria, ila haifiki popote maana kabla hujapepesa jicho imeshagongana na jirani yake mara zisizohesabika. Ni kama wewe Kariakoo wiki ya sikukuu, miguu inaenda mbio lakini toka umeanza uko duka lilelile.

Na hii sio hadithi. Mwaka 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea, aliangalia kwenye hadubini vipunje vidogo vilivyotoka kwenye chavua vikiwa ndani ya maji akaona vinachezacheza vyenyewe bila kutulia, akadhani labda vina uhai, akajaribu na unga wa mawe, nao ukacheza. Ilibidi kusubiri mpaka 1905 Einstein alipopiga hesabu kuonyesha kwamba vile vipunje vinasukumwa na molekuli za maji zinazovigonga kutoka kila upande, alafu Jean Perrin akapima akakuta hesabu inakubali, akapewa Nobeli mwaka 1926.

Kwa hiyo joto ni nini? Joto ni huo mwendo. Basi. Ukiweka sufuria kwenye jiko hakuna kitu kinachoitwa moto kinachopenya bati na kuingia kwenye maji, kinachotokea ni kwamba gesi inayowaka inaigonga sufuria kwa nguvu, atomu za sufuria zinaanza kutikisika, zinazigonga molekuli za maji zilizo chini kabisa, hizo zinawagonga wenzao, na hivyo hivyo mpaka juu. Kupooza ni mambo yaleyale kinyumenyume, chembe za maji zinagawa mwendo wao kwa kitu chenye baridi mpaka zinapungua kasi.

Hapa niseme kitu kimoja maana ndipo wengi wanapokosea, hata kwenye mitihani. Chembe yenyewe haivimbi. Haiyeyuki. Haigandi. Molekuli ya maji kwenye barafu, kwenye glasi na kwenye mvuke ni ileile, kichwa kilekile na masikio yaleyale. Kinachobadilika ni vitu vitatu: inakimbia kasi gani, imeachana na jirani yake kwa nafasi kiasi gani, na wameshikana kwa namna gani.

Kama huamini kwamba maji ya moto yana mbio zaidi, chukua glasi mbili, moja weka maji ya baridi nyingine ya moto, tumbukiza majani ya chai ya kipakti kwenye kila moja na usikoroge. Ya moto utaona rangi ya kahawia inashuka kama moshi uliopinduliwa, ndani ya dakika glasi nzima imeiva. Ya baridi rangi inakaa palepale chini ya kipakti, inajivuta kivivu, unaweza kwenda dukani ukarudi. Hakuna aliyekoroga, ni mbio za chembe zinazoichomoa rangi haraka kwenye majani, alafu mikondo ya maji yenyewe inaisambaza. Sukari nayo vilevile.

Kasi ikiongezeka chembe zinasukumana, kila moja inataka nafasi kubwa kidogo, kwa hiyo maji yanapanuka. Sio sana. Maji ya nyuzi 20 ukiyapeleka mpaka 80 yanaongezeka ujazo kwa asilimia kama 2.7, ndo maana sufuria uliyoijaza mpaka mdomoni inamwagika hata kabla haijachemka. Kidogo hicho hicho ukikipeleka baharini kinakuwa kikubwa, karibu nusu ya kupanda kwa usawa wa bahari duniani kati ya 1971 na 2018 kulitokana na maji kupata joto na kupanuka, barafu iliyoyeyuka ni hadithi nyingine.

Na maji yaliyopanuka ni mepesi, yanapanda juu. Wale wa kuchemshia maji ya kuoga kwa hita ya kuchovya kwenye ndoo mnaijua hii: ukiitundika hita ikaishia katikati, juu maji yanafuka, unajimwagia kopo la kwanza unaruka, ukifika chini unakuta maji ya bombani kabisa. Ya moto yamekaa juu yametulia, ya baridi hayana sababu ya kupanda. Hita inatakiwa ifike chini. (Na uzime kwanza kabla hujatia mkono, jamani.)

Tuje kwenye kuchemka. Siku moja kaa tu uangalie sufuria bila simu. Mwanzo utaona vipovu vidogo vidogo vimeng'ang'ania ukutani na chini, hivyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji, maji yakipata joto hayaibebi hewa vizuri kwa hiyo inatoka. Baadaye sufuria inaanza kupiga kelele, inaunguruma, watu wanasema "yanakaribia", na kweli, hapo mapovu makubwa yanazaliwa chini kwenye moto, yanapanda kidogo yanakutana na maji ya juu ambayo bado hayajafika, yanasinyaa ghafla, na ule mpasuko ndo mlio unaousikia. Yakichemka kwelikweli mlio unapungua unakuwa mzito, mapovu yanafika juu yanapasukia hewani. Na ndani ya hayo mapovu hakuna hewa, ni maji matupu, maji yaliyoachana. Molekuli zimepata kasi ya kutosha kuvunja mshikano na wenzao na kusukuma nje uzito wa hewa unaoyakandamiza maji kutoka juu.

Huo uzito wa hewa ndo ulionitesa mimi. Nilikulia Tanga, nikahamia Mbeya kikazi, mwezi wa kwanza nikagombana na kila muuza maharage sokoni nikidhani wananiuzia ya zamani, maana nachemsha masaa hayaivi. Kumbe kosa halikuwa la maharage. Ukipanda juu hewa inapungua, inakandamiza maji kidogo, kwa hiyo chembe zinafanikiwa kutoroka mapema. Pwani maji yanachemka kwenye nyuzi 100, ila Mbeya mjini au Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye 94 hivi. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, ni kama nyuzi 80 tu, huko hata chai haikolei vizuri. Yanachemka kweli, yanaruka kweli, lakini hayana joto la kuivisha. Sufuria ya presha inageuza mambo, inafungia mvuke ndani, mvuke unakandamiza maji, chembe zinashindwa kutoroka mpaka zifike nyuzi 120 hivi, maharage yanaiva chap.

Alafu kuna hili la kuongeza moto. Maji yakishaanza kuchemka, hata uweke mkaa gunia zima hayazidi joto hilo. Moto wote unaoongeza unaenda kwenye kazi ya kuzitenganisha chembe, sio kuziongezea kasi. Na hiyo kazi ni kubwa ajabu: kuchukua lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 mpaka 100 unahitaji kama kilojuli 335, lakini kuigeuza yote kuwa mvuke unahitaji 2,260 nyingine, karibu mara saba. Kwa hiyo dada au kaka unayechemsha maharage kwa gesi iliyofunguliwa mpaka mwisho, sufuria inaruka mfuniko, haiivishi haraka kuliko yule aliyepunguza moto yakawa yanachemka polepole, wewe unanunua mvuke tu. Hesabu hiyohiyo ndo inafanya mvuke uunguze vibaya kuliko maji ya moto, ukigusa ngozi unarudi kuwa maji na kukuachia deni lote la joto lililotumika kuutenganisha.

Na ule moshi mweupe juu ya birika, kwa taarifa yako, sio mvuke. Mvuke wenyewe hauonekani. Angalia mdomoni kabisa pa birika, pana kijinafasi kitupu kabla weupe haujaanza, pale ndo penye mvuke. Weupe ni vitone vidogo vya maji, chembe zilizokutana na hewa ya baridi zikapungua kasi zikashikana tena. Jasho la chupa ya soda baridi mezani ni mambo hayohayo, sio soda iliyovuja.

Ila maji hayahitaji kuchemka ili yaondoke. Kanga iliyofuliwa inakauka kivulini, si ndiyo? Sababu ni kwamba chembe hazina kasi sawa, ile mita 600 ni wastani, kuna wazembe na kuna wenye mbio kupindukia, na wale wenye mbio wakiwa juu kabisa wanachomoka wanakwenda zao. Sasa fikiria darasa ambalo wanafunzi wenye maksi za juu wote wamehama shule, wastani wa waliobaki unashuka. Wakiondoka wenye mbio, wastani wa kasi ya waliobaki unashuka, na tukasema joto ni mwendo, kwa hiyo maji yaliyobaki yanapoa. Huo ndo mtungi. Udongo unavujisha maji kidogo kidogo nje, yale ya nje yanakauka na kuondoka na joto, ya ndani yanabaki baridi lile tamu la bibi ambalo friji haliwezi kuliiga. Ndo maana mtungi uliopakwa rangi ya mafuta nje ukapendeza haupoozi kitu, umeuziba pumzi. Na ndo maana Dar mwezi wa tatu unatoka jasho na bado unaungua, hewa imeshajaa maji, chembe moja ikitoka kwenye ngozi nyingine inarudi, jasho linateremka mgongoni tu bila faida.

Haya sasa soda.

Vitu vingi vikipoa chembe zinapungua kasi, zinasogeleana, zinabanana, zinaganda zikiwa zimebanana zaidi. Mafuta ya nazi yakiganda kwenye chupa utaona katikati yamebonyea, yamesinyaa, hapo mwalimu wa mpwa wangu yuko sahihi kabisa. Maji nayo yanaanza vizuri, kutoka 100 kushuka chini yanasinyaa kama wenzake, 50, 20, 10, yanaendelea kusinyaa mpaka kwenye nyuzi 4. Hapo yanageuka. Kutoka 4 kwenda sifuri yanaanza kupanuka taratibu, na yakiganda yanaruka ghafla kwa asilimia 9 hivi.

Kwanini? Ule mpindo. Kwa kuwa molekuli imepinda, upande wa masikio una chaji chanya kidogo na upande wa kichwa hasi kidogo, kwa hiyo sikio la huyu linavutwa na kichwa cha yule. Zikiwa na joto zinashikana na kuachiana kila saa, hakuna utaratibu, zinajipenyeza popote penye nafasi. Zikipoa mwendo hautoshi tena kuachiana, zinaanza kushikana kwa kudumu, na mshikano wake una masharti: kila molekuli inashika wenzake wanne, kila mmoja kwenye upande wake maalumu, na matokeo yake ni vyumba vya pembe sita vyenye uwazi katikati.

Kumbuka mstarini shule ya msingi. Watoto wamejazana dirishani kwa mama wa maandazi, wamebanana, darasa zima limeenea kwenye kieneo cha mkeka. Kengele inagongwa, mwalimu wa zamu anasema mstari, nyoosha mkono mpaka begani kwa mwenzako. Watoto ni walewale, hawajanenepa, lakini sasa wamejaza uwanja. Utulivu wao ndo umewaongezea nafasi. Barafu ni mstarini, maji ni dirishani kwa maandazi.

Nikamweleza mpwa wangu hivyo akaelewa palepale, akaongeza na yake, "kwa hiyo chupa ni kama darasa dogo, wakinyoosha mikono ukuta unabomoka". Ndivyo. Na kwa soda kuna nyongeza, ile gesi haikubaliwi kwenye vyumba vya barafu, inasukumwa nje, inajazana kwenye nafasi ndogo iliyobaki juu na kuongeza presha. Kioo hakinyumbuki, kikakubali yaishe. Nguvu hiyohiyo inapasua miamba kule Kibo, maji yanaingia kwenye ufa mchana, usiku yanaganda yanautanua, kesho tena. Na kwa kuwa barafu imeachana imekuwa nyepesi, inaelea, kwa hiyo maziwa ya nchi za baridi yanaganda juu na chini samaki wanaendelea na maisha kwenye maji ya nyuzi 4.

Sasa bila shaka kuna mtu ameshaanza kuandika "na Mpemba je?" Ndiyo, Mpemba. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa unatia sukari unasubiri yapoe ndo uweke kwenye friji. Nafasi ilikuwa inagombaniwa, akaona mwenzake anaweka yake bila kuchemsha, naye akaamua kuweka yake ya moto vilevile. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji. Akauliza akaambiwa amechanganyikiwa. Akaenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, sio ya dunia. Alipokuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar, Dk. Denis Osborne, kijana akanyanyuka tena mbele ya darasa linalocheka: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100 yakiwekwa friza, kwanini ya 100 yanatangulia kuganda? Osborne hakucheka, akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha wote wawili.

Kwa chembe tulizozizungumza inakuwa kama kichekesho, maana maji ya moto lazima yapite kwenye nyuzi 35 kabla hayajafika sifuri, sasa yampiteje aliyeanzia hapo? Sababu zilizopendekezwa ni nyingi, na kadhaa mmeshaziona humu: ya moto yanapoteza maji mengi kwa kukauka, yanazunguka zaidi chini juu, yameshatoa hewa iliyoyeyuka. Lakini 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walipima kwa makini wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba jambo hilo linatokea, na wakaonyesha kuwa ukisogeza kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo matokeo yanageuka. Ubishi haujaisha. Mi binafsi naona Mpemba aliona alichoona, swali ni friji lake lilikuwaje siku ile.

Nasema hivyo kwasababu mpwa wangu naye hakukubali mpaka tujaribu. Vikombe viwili vya bati vinavyofanana, maji kiasi kilekile, kimoja cha moto kimoja cha bombani, tukaviweka juu ya ile theluji ya friza ambayo sijaisafisha tangu Krismasi. Cha moto kilitangulia kuganda. Akashangilia jirani wakasikia. Nikamwambia kinyanyue, akanyanyua, na chini yake kulikuwa na shimo la mduara safi, kikombe kilikuwa kimeyeyusha theluji kikazama mpaka kikagusa bati lenyewe la friza, wakati mwenzake alikuwa bado amekalia godoro la theluji. Kesho tunaisafisha friza tunarudia.